Mnajimu au Mwanaastronomia? Historia Fupi ya Shule za Kimataifa za Vijana wa Elimu ya Nyota, na Deni la Istilahi Zake

Utangulizi

Miaka michache baada ya kupatwa kwa jua kwa mwaka 2016 tulifika Busale, katika Wilaya ya Kyela, kwa kazi yetu ya kawaida ya kukusanya maneno na kuzungumza na walimu juu ya istilahi za masomo ya sayansi. Huko mwalimu mmoja wa shule ya msingi alitutolea karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ni tafsiri ya barua ya mwaliko. Binti mmoja aliyepata kusoma mikononi mwake, na ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa fizikia chuo kikuu, alikuwa amepewa nafasi katika kozi ya kimataifa ya majuma matatu nje ya nchi. Alirudi nyumbani kuomba mambo mawili: baraka za wazazi, na msaada wa nauli. Barua ya asili ilikuwa ya Kiingereza. Kwa kuwa baba yake hakuijua lugha hiyo, binti aliipeleka kwa mfasiri ili mzee aisome mwenyewe. Mfasiri akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: "Shule ya Kimataifa ya Wanajimu Vijana."

Baba yake ni mzee wa kanisa. Alisoma kichwa hicho cha habari, akaikunja karatasi, akasema: "Mtoto huyu nimemsomesha kwa kakao na mpunga. Sikumsomesha aende kujifunza kupiga ramli."

Mwalimu alipopata habari alimwendea mzee yule. Hakumletea kamusi. Alimkumbusha tarehe 1 Septemba, 2016, siku ambayo watu walikusanyika Rujewa, katika Wilaya ya Mbarali, kutazama jua likipatwa kipete, na ambayo huku Kyela pia jua lilionekana limemegwa. "Baba," alimwambia, "mnajimu hukwambia litakalompata mtu, wala huna njia ya kumpima. Wale waliotwambia habari za jua walitaja siku, saa na dakika, na sote tukaona kwa macho yetu. Binti yako anakwenda kusoma kwa hao wa pili." Mzee alinyamaza, kisha akaridhia. Lakini tarehe ya kuthibitisha nafasi ilikuwa imekwisha pita, na nafasi yenyewe amepewa mwingine.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ndio wasomaji wa jarida hili, na kosa lenyewe ni letu sote. Mfasiri yule hakuzembea. Alifungua kamusi, akakuta neno, akalitumia. Katika makala haya tutajaribu kueleza, kwa ufupi, historia ya shule hizi za kimataifa zinazowafunza vijana elimu ya nyota kutoka bara hadi bara. Tutaonyesha kwamba tangu mwanzo zilikwenda pamoja na kazi ya istilahi. Kisha tutatazama Kiswahili kina nini, kimekosa nini, na hapana budi kifanye nini.

Mwaka 1967

Historia ina mambo yake ya kukutanisha tarehe. Mwaka 1967 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria Namba 27, iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka huohuo, tarehe 26 Aprili, setelaiti ya Kitaliano iitwayo San Marco 2 ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, nchini Kenya. Na katika mwaka huohuo Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, uliokuwa umeundwa mwaka 1919, ulianzisha Shule ya Kimataifa ya Wanaastronomia Vijana, kwa msaada wa UNESCO. Kikao cha kwanza cha shule hiyo kilifanyika Manchester, Uingereza.

Mambo hayo matatu hayakuwa na uhusiano wowote. Waliokuwa wakijadili sheria mjini Dar es Salaam hawakuwa na habari ya Manchester, wala wa Manchester hawakuwa na habari yao. Lakini mtu anayeshughulika na istilahi akiyatazama leo kwa pamoja, anaona nyuzi ambazo zingaliweza kufungwa mapema, na ambazo hazikufungwa.

Aliyekuwa na mchango mkubwa katika kuanzisha shule hiyo ni Josip Kleczek, mtaalamu wa jua kutoka nchi iliyokuwa ikiitwa Czechoslovakia. Jambo linalotuhusu zaidi sisi ni lile alilolifanya kabla ya shule. Mwaka 1961 Kleczek alitoa kamusi ya astronomia katika lugha sita: Kiingereza, Kirusi, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kicheki. Kila dhana iliwekwa pamoja na majina yake sita, ili Mrusi na Mwitaliano wakikaa mbele ya darubini moja wajue kwamba wanazungumza juu ya kitu kimoja.

Tuzingatie mpangilio huo. Kamusi ilitangulia, shule ikafuata miaka sita baadaye. Mtu aliyetaka kuwakusanya vijana wa mataifa mbalimbali alikuwa kwanza ameshughulika na maneno yao. Aidha, tuzingatie kwamba Kicheki, lugha ya watu wachache ukilinganisha na hizo nyingine, kilipewa nafasi sawa na Kirusi na Kiingereza. Hakikupewa kwa wingi wa wasemaji wake. Kilipewa kwa sababu aliyeandika kamusi alikuwa mwanaastronomia aliyeona kwamba lugha yake nayo inastahili kuzungumza habari za nyota. Katika zile lugha sita hapakuwa na lugha hata moja ya Afrika.

Shule Inayohama

Shule iliyoanza Manchester haina jengo. Ni shule inayohama: hufanyika nchi hii, kisha nyingine, kwa kawaida kwa muda wa majuma matatu. Walimu hutoka nchi mbalimbali na wanafunzi vilevile, wengi wao wakiwa wanamaliza shahada ya kwanza au wanaendelea na shahada za juu. Shabaha yake ilikuwa kuwafuata vijana katika nchi ambazo elimu hii haijaota mizizi, badala ya kuwangoja waende Ulaya. Mwaka 1978 ilifika Nsukka, nchini Nigeria. Mara kadhaa imefanyika Misri na Moroko. Mwaka 2017 ilifanyika Addis Ababa, nchini Ethiopia, ambako juu ya mlima Entoto kuna darubini mbili zenye vioo vya kipenyo cha meta moja kila moja.

Mfano huo ulizaa mingine. Mwaka 2011 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, pamoja na Afrika Kusini, ulifungua mjini Cape Town ofisi ya kuitumia astronomia kwa ajili ya maendeleo, nayo ikafuatiwa na ofisi za kanda. Ile ya Afrika Mashariki iliwekwa Ethiopia. Mwaka 2013 wataalamu wa Nigeria, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walianzisha shule ya vijana wa Afrika Magharibi, ambayo baadaye ilipanuliwa ikawa ya Afrika nzima. Mwaka 2022 shule hiyo ilifanyika Zambia, nchi jirani na Mkoa wetu wa Songwe. Katika shule hii mwanafunzi hapewi jibu ili alikariri. Hupewa jambo la kuchunguza, hujadiliana na wenzake, kisha hueleza alivyofikia jibu lake. Agosti 2024 mkutano mkuu wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulifanyika Cape Town, ikiwa ni mara ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika.

Msomaji atauliza: lugha ya shule hizo ni ipi? Ni Kiingereza, na hatuna sababu ya kulalamikia jambo hilo. Vijana wa nchi ishirini hawana budi kuwa na lugha moja ya kukutania. Lakini majuma matatu yakiisha kila kijana hurudi kwao, na huko ndiko kazi iliyokusudiwa inapoanza. Atasema na wanafunzi, na wazazi, na waandishi wa magazeti, na maofisa wanaopanga fedha za elimu. Yule aliyefunzwa kueleza alivyofikia jibu atamweleza nani, na kwa maneno gani, ikiwa lugha ya watu wake haijampa hata jina la kazi yake?

Jina Lilitoka Pwani

Si kweli kwamba Kiswahili hakimo kabisa katika elimu hii. Kimo, tena mahali pa heshima. Tarehe 12 Desemba, 1970, kutoka kwenye jukwaa lilelile la karibu na Malindi, ilirushwa setelaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Ilikuwa setelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksi itokayo angani tu. Mionzi hiyo huzuiwa na hewa ya dunia, kwa hiyo haiwezi kuchunguzwa na mtu aliyesimama ardhini. Mahali pale karibu na Ikweta palichaguliwa kwa sababu za kisayansi: roketi irushwayo kuelekea mashariki kutoka Ikweta husaidiwa zaidi na mzunguko wa dunia, na setelaiti izungukayo juu ya Ikweta huepushwa na sehemu kubwa ya chembe za umeme ambazo zingevuruga vipimo.

Siku ile ilikuwa kumbukumbu ya miaka saba ya uhuru wa Kenya. Bibi Marjorie Townsend, aliyekuwa msimamizi wa mradi kwa upande wa Marekani, aliipa setelaiti hiyo jina la Uhuru, kwa heshima ya wananchi waliowapokea. Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973. Vipimo vyake vilisaidia kutambulisha kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho ndicho cha kwanza kukubaliwa na wataalamu wengi kuwa ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Orodha ya nne ya vyanzo vya mionzi ya eksi iliyotokana na Uhuru, iliyotolewa mwaka 1978, ina vyanzo 339, na kila kimoja huanza na alama 4U. Herufi U hapo ni ya Uhuru. Hadi leo mwanaastronomia wa Japani au wa Brazili akiandika alama hiyo anaandika, ajue asijue, herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili.

Heshima hiyo ni kubwa, lakini haina budi kutufikirisha. Kiswahili kilitoa jina, na pwani yake ikatoa mahali. Hata hivyo, mwalimu wa Malindi aliyetaka kuwaeleza wanafunzi wake kwa Kiswahili kile kilichokuwa kikitafutwa na setelaiti yenye jina la lugha yao, hakuwa na neno lililokubaliwa la mionzi hiyo, wala la chanzo chake, wala la shimo jeusi. Jina lilipanda angani, maana ikabaki kwa Kiingereza.

Kisa kama hicho kilijirudia mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipotimiza miaka mia moja na kuzikaribisha nchi zote zitoe jina la nyota moja na la sayari inayoizunguka. Kenya ilitoa majina ya Kijaluo: nyota ikaitwa Kalausi, yaani kimbunga cha vumbi, na sayari yake Buru, yaani vumbi. Tanzania iliiita nyota yake Mpingo, na sayari yake Tanzanite, yaani tanzanaiti. Sayari hiyo huizunguka Mpingo kwa muda usiotimia siku tatu. Majina hayo ni mazuri, nasi tunayapongeza. Lakini kuipa nyota jina ni kazi ya siku moja. Kuwapa wananchi maneno ya kuizungumzia nyota ni kazi ya miaka.

Masikio Yaliyotengana

Mtandao mkubwa wa siku hizi wa kuwafunza vijana wa Afrika elimu hii unahusu astronomia ya redio. Kwa kuwa msomaji wetu si lazima awe mwanafizikia, tuieleze kwa mfano wa ziwa. Aliyesimama pwani ya Nyasa usiku wa giza huziona taa za wavuvi. Mitumbwi miwili iliyo karibu na pwani huonekana kuwa na taa mbili. Ikienda mbali, taa zile huungana machoni zikawa moja, ingawa mitumbwi haikukaribiana hata kidogo. Jicho ndilo lililoshindwa kuzitenga. Darubini nayo huwa na kikomo chake cha kutenga, na kadiri ilivyo pana ndivyo kikomo hicho kinavyosogea mbali. Kwa mawimbi ya redio, ambayo ni marefu sana kuliko ya mwanga, upana unaohitajika ni wa ajabu: mamia na maelfu ya kilometa.

Hakuna awezaye kujenga dishi la upana huo. Kinachofanyika ni kuchukua madishi yaliyotengana sana, kuyaelekeza kwenye nyota moja kwa wakati mmoja, kurekodi mawimbi kwa kuongozwa na saa za atomi, kisha kuyakutanisha marekodi hayo katika kompyuta. Matokeo yake, madishi hayo huwa na ukali wa kutenga kama wa dishi moja lenye upana sawa na umbali ulio baina yake. Ulaya ina madishi ya namna hiyo, na Afrika Kusini ina lake la meta 26 huko Hartebeesthoek. Baina ya pande hizo mbili kulikuwa na pengo la bara zima.

Ndiyo maana watu wakakumbuka madishi ya zamani ya mawasiliano ya simu kwa setelaiti, yaliyoanza kukosa kazi nyaya za baharini zilipofika. Dishi la meta 32 la Kuntunse, nchini Ghana, liligeuzwa kuwa darubini ya redio na kuzinduliwa mwaka 2017. Kenya ina kituo chake cha Longonot, nacho kimo katika mipango hiyo. Nchi nane za Afrika, ikiwamo Kenya pamoja na jirani zetu Zambia na Msumbiji, zimeungana na Afrika Kusini katika mradi mkubwa wa darubini ya redio ambao mahali pake paliamuliwa mwaka 2012. Tanzania haimo miongoni mwa hizo nane.

Darubini haina faida bila watu. Kwa hiyo mwaka 2015 ulianza mpango wa mafunzo ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini, wa kuwafunza vijana waliomaliza shahada katika nchi hizo nane. Vijana hao hufundishwa nadharia nchini kwao, kisha huzoezwa kwa vitendo kuendesha darubini yenyewe. Wengine huendelea na shahada za juu. Wengine huchukua ujuzi wa kompyuta, wa elektroniki na wa kuchambua takwimu nyingi, wakautumia katika kazi nyingine. Katika kufunza vijana hakuna hasara: asiyefika nyotani hurudi na ufundi.

Maneno Tuliyonayo

Sasa tugeukie ghala letu wenyewe. Si tupu. Tatizo lake ni kwamba vitu vimo lakini havikupangwa.

Kilimia. Hili ni jina la kishada cha nyota ambacho kuonekana kwake kuliwaongoza wakulima, nalo latokana na kitenzi kulima. Jina la asili hiyohiyo liko katika lugha nyingi za Kibantu. Wazulu husema isiLimela. Maana yake ni kwamba kabla ya shule yoyote ya kimataifa, wakulima wa bara hili, kutoka pwani yetu hadi ncha ya kusini, walikuwa wakiangalia nyota zilezile kwa shabaha ileile na kuzipa jina la mzizi mmoja. Mwalimu wa Kyela aanze hapo. Mtoto wa mkulima wa mpunga hahitaji kuambiwa kwamba elimu ya nyota ni kitu cha kigeni.

Falaki na unajimu. Maneno haya yote mawili yametoka katika Kiarabu. Falaki ilitumika kwa elimu ya mizunguko ya nyota, ya kalenda na ya nyakati. Lakini pia watu wamesema "kupiga falaki" kwa maana ya kuagua. Unajimu katika kamusi kadhaa umepewa maana zote mbili, elimu na utabiri. Lakini katika masikio ya wananchi wa leo, mnajimu ni mtu anayekwambia bahati yako kwa kutazama nyota yako ya kuzaliwa. Kamusi inayoweka maana mbili bila ya kusema ni ipi iliyo hai inamtega mfasiri. Mtego huo ndio uliomnasa yule aliyeifasiri barua ya binti wa Busale.

Astronomia. Neno hili limetoholewa, halina mizizi katika lugha, na wako wenzetu wanaolikataa kwa sababu hiyo. Sisi twaona kwamba lina sifa moja ambayo yale mawili hayana: halikuwahi kupiga ramli. Mzee wa kanisa akilisikia hatalielewa, kwa hiyo atauliza. Na anayeuliza yu katika hali njema kuliko aliyekwisha kuelewa vibaya.

Darubini. Latokana na Kiajemi, kwa maana ya kuona mbali. Ni neno lenye uzazi: shuleni limepata ndugu yake hadubini, chombo cha kuonea vitu vidogo sana. Kwa hiyo darubini ya redio haina shida, ijapokuwa chombo chenyewe chafanana zaidi na sikio kuliko jicho. Lugha haikatai jambo hilo. Hata sisi husema "tuone" tunapoonja chumvi.

Zebaki. Hapa pana kosa linalostahili kurekebishwa. Zebaki ni ile metali ya majimaji iliyokuwa katika vipimajoto. Kiingereza huiita metali hiyo na sayari iliyo karibu zaidi na jua kwa jina moja, na mfasiri wa vitabu vya shule akalichukua jina la metali akaipa sayari. Ilhali Kiswahili kilikuwa na jina la sayari hiyo toka zamani, yaani Utaridi, sambamba na Zuhura, Mirihi, Mushtara na Zohali. Huu ni mfano wa kufasiri neno bila kuitazama dhana.

Kimondo. Neno hili tunalijua sana pande zetu kwa sababu ya jiwe la Ndolezi, huko Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, ambao ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016. Jiwe hilo liliingia katika maandishi ya wataalamu mwaka 1930. Lina urefu wa meta tatu hivi, lakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, na sehemu yake iliyo kubwa ni chuma, pamoja na nikeli kiasi cha asilimia nane. Lakini kimondo ni pia ule mwali upitao usiku na kutoweka. Mwanafunzi aliyelishika jiwe la Mbozi kwa mkono wake, kisha akaambiwa ametazama kimondo usiku, ana haki ya kushangaa. Elimu yatenga vitu vitatu: kipande kielea­cho angani, mwali kinapoungua hewani, na jiwe linalofika chini. Twaweza kuvitenga bila ya kuunda neno jipya hata moja.

Mapendekezo

Kutokana na yote hayo, tunatoa mapendekezo yafuatayo ili wasomaji wayapime.

(a) Elimu yenyewe iitwe astronomia, na mtaalamu wake mwanaastronomia. Falaki iendelee kutumika kwa elimu ya jadi ya kalenda na nyakati, na katika fasihi. Unajimu na mnajimu yaachiwe utabiri, na kamusi zijazo ziseme hivyo waziwazi.

(b) Kimondo libaki kwa mwali uonekanao. Kilichofika ardhini kiitwe jiwe la kimondo. Na kilicho bado angani kiitwe kipande cha kimondo. Jina la Kimondo cha Mbozi lisiguswe, kwa kuwa ni jina la mahali na la urithi.

(c) Sayari ya kwanza iitwe Utaridi, na zebaki irudishiwe metali yake.

(d) Mionzi ya eksi, chanzo cha mionzi ya eksi, darubini ya redio na shimo jeusi, ambazo tayari zimo vinywani mwa waandishi wa habari, zithibitishwe mapema kabla hazijapata washindani.

(e) Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kila kijana wa Afrika Mashariki anayekwenda kwenye shule ya kimataifa ya astronomia apewe, kabla ya safari, orodha fupi ya istilahi pamoja na ukurasa mtupu. Akirudi, ukurasa ule uwe umejaa maneno aliyoyakosa. Sisi wa ofisini hatuwezi kuzijua dhana ambazo hatujazikuta; naye hawezi kusanifu maneno peke yake. Kazi ya istilahi haina budi kwenda pamoja na mafunzo. Hadi sasa imekuwa ikiyafuata kwa miaka kumi au ishirini nyuma.

Hitimisho

Tumeona kwamba shule hizi zilianzishwa na mtu aliyetanguliza kamusi. Kwamba Kiswahili kilifika angani kwa jina kabla ya kufika kwa maana. Na kwamba mtandao wa sasa, uliofika Kenya, Zambia na Msumbiji, haututaki tusubiri. Wenzetu wanaopanga elimu watasema kwamba kuna mahitaji mengine makubwa zaidi ya nyota. Hatubishani nao juu ya fedha. Tunalosema ni kwamba istilahi hazigharimu dishi la meta 32. Zinagharimu meza, watu wachache wanaojua mambo yao, na uangalifu.

Yule binti wa Busale aliomba tena mwaka uliofuata. Safari hiyo barua ya Kiswahili aliiandika mwenyewe, na mahali pa jina la shule aliandika: "Shule ya Kimataifa ya Vijana Wanaojifunza Habari za Nyota kwa Kuzipima." Ni jina refu, wala hatulipendekezi liwe istilahi. Lakini baba yake alilisoma mara moja tu, akaelewa. Jina fupi lililo wazi kiasi hicho ni deni letu kwake, na kwa walio nyuma yake.

Tunawakaribisha wasomaji, hasa walimu wa sayansi na wafasiri walio katika ofisi za umma, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya, pamoja na maneno yanayotumika katika sehemu zao kwa nyota, sayari na vimondo.